Lushoto kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Hali ya Hewa, Njia na Matembezi ya Usambara Magharibi

Ukurasa huu ni wa mtu anayepanga kwenda kutembea Lushoto, mji wa Milima ya Usambara Magharibi mkoani Tanga, iwe ni nusu siku kwenye ukingo wa Irente, siku nzima msituni Magamba, au safari ya siku tatu hadi kijiji cha Mtae. Wageni wengi hupanga kwa tarehe tu: wakisikia masika imekwisha, wanafunga mzigo. Lushoto hupangwa kwa mambo matatu: mwinuko, upande wa mlima unaoelekea, na saa ya siku.

Kwa nini Lushoto kuna baridi wakati Mombo, chini kidogo tu, watu wanatoka jasho?

Ni mwinuko. Mombo, kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi na Arusha, haifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko bondeni kwenye kama mita 1,400, na umbali wa kupanda kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 33 tu. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Mombo ikiwa na nyuzi 30 mchana, tarajia 23 au 24 Lushoto mjini. Ukiendelea hadi kwenye misitu ya juu, Magamba au Shagayu, unakofika mita 2,000 na zaidi, hesabu nyuzi 20 hivi kabla upepo na unyevu havijapunguza zaidi.

Jambo la pili ni upande. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi na kugonga miteremko ya mashariki na kusini kwanza. Zikilazimika kupanda, zinapoa na kumwaga mvua na ukungu huko. Zikivuka mgongo wa mlima zinashuka zikiwa kavu. Ndiyo maana Magamba inaweza kuwa inalowa huku Mtae na Mlalo, upande wa kaskazini, jua linawaka, na nyika ya Mkomazi iliyo chini yao ni kame kabisa.

Mwezi gani ni mzuri kwenda?

Inategemea unataka nini.

Januari na Februari ni miezi ya kaskazi. Mchana kuna joto la wastani, nyuzi 24 hadi 27 mjini, na njia huwa kavu. Ni wakati mzuri wa safari ndefu, ila anza mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya njia hupita mashambani pasipo kivuli. Mwanzoni mwa kipindi hiki bado utakuta plamu na pichi sokoni.

Machi mvua huanza kuchokoza, mara nyingi alasiri. Aprili na Mei ni masika yenyewe. Maporomoko ya Soni hujaa na msitu hupendeza kuliko wakati wowote, lakini njia za udongo mwekundu hazitembeleki kwa raha na barabara za vijijini hukatika. Ukienda wakati huu, baki kwenye matembezi mafupi karibu na mji na uache siku moja ya ziada ya kurudi.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Kusi huleta mawingu mazito ya chini, manyunyu na ukungu wa asubuhi. Usiku joto linaweza kushuka hadi kati ya nyuzi 8 na 12 mjini, na pungufu zaidi kwenye mabonde ya juu. Watu wa pwani huteseka sana miezi hii kwa kudhani kiangazi maana yake ni jua. Hata hivyo mvua kubwa ni chache, njia haziharibiki, na kutembea kwenye baridi hakuchoshi kama kwenye jua. Kwa mtu mwenye nguo sahihi, Julai ni mwezi mzuri wa kutembea na mwezi mbaya wa kutazama mandhari ya mbali asubuhi.

Septemba hadi katikati ya Oktoba, kwa anayekuja mara ya kwanza, ndio wakati wa kuchagua. Baridi imelegea, vuli haijaanza, na udongo umekauka. Kasoro yake ni vumbi na moshi wa mashamba na nyika inayochomwa huko chini, hivyo ukiwa Irente utaona utando wa kijivu badala ya tambarare.

Vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha Desemba. Mvua zake hutabirika kwa saa kuliko za masika: asubuhi nyeupe, mawingu hujijenga saa 6 mchana, radi na mvua saa 9 au 10. Anayetoka saa 12 asubuhi na kumaliza saa 7 mchana hutembea mkavu siku nyingi za vuli.

Nitumie utabiri gani wa hali ya hewa?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa msimu kabla ya masika na vuli, utabiri wa kila siku, na tahadhari za mvua kubwa za siku chache zijazo. Kosa la kawaida ni kusoma mstari wa Tanga na kuuchukua kuwa wa Lushoto. Jiji la Tanga liko ufukweni, na joto lake halikuhusu hata kidogo ukiwa Magamba. Kilicho na maana kwako kwenye mstari ule ni mvua na tahadhari za mkoa, kwa kuwa mvua kubwa ya mkoa huongezeka inapogonga mlima.

Programu za simu nazo zina udhaifu wao. Nyingi hukadiria joto kwa mwinuko wa wastani wa eneo pana, na hapa eneo hilo linachanganya mlima na nyika. Angalia mwinuko ambao programu inauonyesha. Ikiandika mita 800 wakati wewe unalala mita 1,900, punguza nyuzi 6 au 7 mwenyewe.

Halafu muulize mwenyeji saa 12 asubuhi. Wingu likiwa limekaa juu ya vilele bila kusogea, kwa kawaida litayeyuka kufikia saa 4 au 5. Likiwa linakimbia kutoka kusini mashariki na kushuka bondeni, beba koti la mvua na ufupishe njia.

Nimefika Irente na sikuona kitu, ukungu mtupu. Nimekosea wapi?

Umekosea saa. Ukingo wa Irente uko kama kilomita 5 hadi 6 kutoka mjini, na jabali linaangalia magharibi na kusini magharibi, kuelekea Mazinde na nyika ya Wamasai, karibu mita 1,000 chini. Asubuhi, hasa wakati wa kipupwe, hewa baridi yenye unyevu hujaa ukungu ukingoni. Jua likishapasha miteremko, ukungu hunyanyuka na kuwa wingu la juu. Kipindi cha kuona vizuri ni kuanzia saa 9 alasiri hadi machweo, na siku bora kuliko zote ni ile inayofuata mvua ya usiku, kwa sababu mvua imeosha vumbi.

Machweo ni kama saa 12:30 jioni mwaka mzima, na giza huingia ndani ya nusu saa. Kurudi mjini kwa miguu huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo anayetaka kuona jua likizama awe na tochi, au apatane na bodaboda amfuate. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na mlipe nusu ya pili mkirudi.

Mawe ya ukingoni huwa na ukoga unaoteleza. Hakuna ukuta wala kamba. Kaa mita mbili nyuma, na picha za kujipiga umesimama kwenye ncha uziache.

Nivae nini na nibebe nini?

Tatizo la hapa ni kulowa na kupigwa upepo zaidi ya baridi yenyewe. Fulana ya pamba ikilowa jasho wakati wa kupanda haikauki, na ukisimama kileleni inakunyonya joto. Vaa fulana ya michezo ya kitambaa cha polista chini, sweta la fulisi au la sufu juu, na koti la mvua lisilopitisha upepo juu ya yote. Nguo hizi tatu nyembamba ni bora kuliko jaketi moja zito, kwa sababu utazivua na kuzivaa mara nyingi kwa siku. Unapoanza kupanda vua sweta kabla hujatoka jasho, na ukisimama tu, livae.

Viatu viwe na soli yenye meno marefu. Raba za mjini zenye soli bapa ndizo huangusha watu wengi. Mitumba ya Lushoto na Tanga ina viatu vizuri vya mlimani, lakini kunja soli kwanza: gundi ya viatu vilivyokaa muda mrefu hukauka na soli hubanduka saa ya pili ya safari. Soksi jozi mbili, moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwa siku moja beba maji lita 2, tochi, kofia, chumvi na sukari au pakiti ya ORS, plasta za malengelenge, filimbi, na simu iliyojaa chaji. Baridi hula betri, kwa hiyo usiku weka simu ndani ya nguo.

Nianze na njia gani?

Siku ya kwanza nenda Irente. Njia ni rahisi, hupita kwenye mashamba na nyumba, na shamba la Irente huuza jibini, mkate na jemu vya pale pale. Chakula cha mchana uagize mapema ukiwa kundi.

Siku ya pili nenda Magamba. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba ilitangazwa mwaka 2010, ina zaidi ya hekta 9,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Lango liko kama kilomita 7 kutoka mjini, na daladala au bodaboda zinafika. Ndani kuna njia za saa mbili hadi siku nzima. Utapita chini ya miti mikubwa ya kafuri ya Usambara na mipodo, na ukitulia utasikia mbega weusi na weupe kabla ya kuwaona. Kuna pia mapango yaliyochimbwa na Wajerumani. Mle tochi ni lazima, kwa kuwa popo wapo na sakafu ni matope.

Msitu huu hunywa ukungu. Matone hujikusanya kwenye majani na kuvu za matawini na kudondoka hata siku isiyo na mvua, hivyo chini kunalowa mwaka mzima. Koti la mvua Magamba hubebwa hata Januari.

Siku ya tatu, ikiwa magoti yanaruhusu, nenda Soni. Tazama maporomoko, kisha panda kilima cha Kwamongo, maarufu kwa vipepeo. Vipepeo huhitaji jua, kwa hiyo anza kupanda saa 3 asubuhi, si alfajiri.

Je, lazima niwe na mwongoza njia? Na kibali?

Kuingia msitu wa hifadhi kunahitaji kibali na malipo, na raia na mgeni hulipa viwango tofauti. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi njiani. Pata namba hiyo siku moja kabla, maana mtandao ukisumbua asubuhi unapoteza saa mbili nzuri. Beba kitambulisho, kwani bila hicho utahesabiwa mgeni.

Irente unaweza kwenda peke yako. Magamba na safari yoyote ya kulala nje, chukua mwongozaji. Shida ya Usambara ni njia kuwa nyingi mno, si kuwa chache. Kila shamba lina kijia chake, vijia huhama kila msimu wa kulima, na ramani za simu huonyesha njia ambazo sasa ni matuta ya karoti. Mwongozaji pia ndiye anayezungumza Kisambaa na wazee wa kijiji, na ndiye anayejua daraja gani limeondoka na maji.

Kabla ya kupatana, uliza maswali manne: bei inajumuisha kibali? Chakula? Malazi? Usafiri wa kurudi? Ugomvi mwingi wa mwisho wa safari hutoka kwenye hilo la nne. Mwombe akuonyeshe kitambulisho cha kikundi chake, na anzia ofisini kwao, si kituo cha basi.

Safari ya Lushoto hadi Mtae ikoje?

Njia inayopendwa huchukua siku tatu za kutembea na ya nne ya kurudi. Siku ya kwanza ni Lushoto, Magamba, kisha Lukozi, kama saa sita. Siku ya pili Lukozi hadi Rangwi, saa tano hivi, na wengi hulala kwa masista wa Kikatoliki huko. Toa taarifa mapema, na ufike kabla ya jioni. Siku ya tatu Rangwi hadi Mtae, saa sita hadi saba, ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu ya kupanda na kushuka mabonde.

Mtae uko kwenye mgongo mwembamba wa mlima, na ardhi huporomoka pande zote mbili. Kaskazini unaona nyika ya Mkomazi na Milima ya Upare, na asubuhi isiyo na vumbi hata Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Upepo wa Mtae ni mkali jioni na usiku. Anayefunga hema huko afunge kamba zote na kuweka mawe juu ya vigingi.

Makosa yanayoharibu safari hii ni mawili. La kwanza ni mzigo. Mtu wa kilo 65 akibeba kilo 18 hushuka Rangwi magoti yakitetemeka. Kwa kuwa unalala nyumbani kwa watu au kwenye nyumba za wageni, kilo 7 hadi 8 pamoja na maji zinatosha. La pili ni basi la kurudi. Magari ya Mtae kwenda Lushoto na nje ya hapo huondoka usiku wa kuamkia alfajiri, na ukilikosa unaweza kupoteza siku. Uliza saa halisi jioni ile ile unayofika, kata tiketi, na mwombe mwenye nyumba akuamshe. Hapa saa hutajwa kwa Kiswahili: saa 10 usiku ni 4:00 ya alfajiri, si 10:00 ya asubuhi iliyochanua.

Nitembeeje kwenye udongo mwekundu ulioloa?

Udongo huu ni mfinyanzi. Tone la kwanza hulainisha juu tu na chini kubaki kugumu, na hapo ndipo unapoteleza vibaya kuliko baada ya mvua ya siku mbili. Kanuni ni hizi: piga hatua fupi, kanyaga kwa nyayo nzima wala si kwa kisigino, kunja magoti kidogo, na pita pembeni penye majani. Miteremko mingi imeoteshwa majani ya Guatemala kwenye kingo za matuta ili kuzuia mmomonyoko. Usiyakanyage wala kuyashika kama kamba, maana yanang'oka na ukingo wa mkulima unavunjika nayo.

Shika fimbo upande wa bonde. Ukitaka fimbo, omba. Wenyeji huuza au kukuazima mlangoni, na hawakati mti hai kwa ajili ya mgeni. Matope yakijaa kwenye soli, yakwangue kwa jiwe kila dakika kumi. Meno ya soli yaliyojaa matope ni sawa na kutokuwa na meno.

Baiskeli je?

Ni nchi nzuri ya baiskeli ya mlimani, kwa mwenye breki nzuri. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza watu. Breki za mpira zinazobana rimu hupata moto kwenye mteremko mrefu. Joto likipanda sana tyubu inaweza kupasuka. Bana na kuachia kwa zamu, mbele na nyuma, na simama kila kilomita 2 au 3 uguse rimu. Breki za diski ni bora, ila angalia unene wa padi kabla ya kutoka, kwa kuwa vumbi la hapa huzila haraka, na padi za aina yako huenda zisipatikane mjini. Njoo nazo.

Tairi iwe pana, inchi 2.1 na zaidi. Upepo uwe psi 30 hadi 35 kwa mtu wa wastani: zaidi ya hapo unarukaruka kwenye mawe, chini ya hapo jiwe linabana tyubu dhidi ya rimu na kutoboa matundu mawili yanayotazamana. Ukiona pancha ya matundu mawili, tatizo ni upepo mdogo. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, na kiungo cha cheni.

Baada ya mvua subiri saa tatu kabla ya kuingia njia ya udongo. Mfinyanzi hujaa kati ya tairi na uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na ukilazimisha unavunja gia ya nyuma.

Naweza kupiga kambi? Nichague wapi?

Ndiyo, kwenye maeneo yanayoruhusiwa ndani ya hifadhi na kwenye viwanja vya nyumba za wageni. Usifunge hema shambani au msituni bila ruhusa ya serikali ya kijiji.

Usichague sehemu ya chini kabisa ya bonde kwa kuwa imekaa tambarare. Usiku hewa baridi ni nzito na hutiririka kushuka, hivyo bonde hugeuka kuwa kisima cha baridi na umande. Panda mita 20 au 30 kwenye mteremko mpole na utalala na joto zaidi. Usilale chini ya mikaratusi, maana hudondosha matawi makubwa ghafla, hata pasipo upepo.

Asubuhi ukikuta maji ndani ya hema, mara nyingi si mvua. Ni pumzi yako iliyogeuka maji kwenye kitambaa. Acha matundu ya hewa wazi hata kama kuna baridi. Chini weka godoro la sponji lenye unene wa sentimita 1 au zaidi, kwa sababu ardhi hukunyang'anya joto kuliko hewa. Mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi 5 za starehe. Ule wa pwani hautoshi Julai.

Kuni za msituni haziruhusiwi. Pika kwa gesi.

Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani au kwenye hema ili kupata joto?

Hapana, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu hufa akiwa usingizini. Omba blanketi la pili, au jaza maji ya moto kwenye chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, ifunge kwa soksi, ilaze miguuni.

Kuna wanyama wa kuogopa?

Hakuna simba wala tembo kwenye njia hizi. Wako Mkomazi, chini. Utakaowaona ni mbega, kima, na vinyonga, baadhi yao wenye pembe. Vinyonga hupatikana kirahisi usiku kwa tochi kwa sababu ngozi yao hung'aa nyeupe kwenye majani. Usiwashike. Kwa wapenda ndege, kuna ndege mdogo wa chini ya msitu asiyepatikana popote duniani nje ya Usambara Magharibi, na Magamba ndipo pa kumtafutia, kwa kukaa kimya saa 12 hadi 2 asubuhi.

Nyoka wapo, wachache huonekana. Usiweke mkono mahali usipopaona. Siafu hutoka kwa wingi wakati wa mvua: ukiona mstari wao, ruka, usisimame karibu kupiga picha. Upupu huwasha sana. Vaa suruali ndefu.

Mbu ni wachache kuliko Mombo lakini wapo, na malaria ipo. Tumia chandarua. Jambo lisilosemwa kwa wageni ni panya. Kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, vijiji kadhaa vya wilaya hii vilipata milipuko ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Usilale sakafuni kwenye ghala la nafaka, usiguse panya aliyekufa, na ukipata homa kali na uvimbe kwenye kinena au kwapani baada ya safari, mwambie daktari ulikotembea.

Maji ya mto yanafaa kunywa?

Yakiwa yanatoka juu ya mashamba yote, ndani ya msitu, ni safi kuliko mengine lakini bado yachemshe. Chini ya mashamba usiyanywe kabisa. Bonde la Lukozi na mengineyo hulima kabichi, viazi na karoti kwa mbolea na dawa za wadudu, na kuchemsha au klorini haviondoi dawa. Jaza chupa kabla ya kushuka mashambani.

Nina gari dogo. Barabara ya Mombo hadi Lushoto inapitika?

Ni ya lami na gari dogo linafika. Ni nyembamba, ina kona kali, na upande mmoja ni jabali, mwingine ni korongo la mto. Piga honi kabla ya kona isiyoonekana. Ukishuka tumia gia ya pili, wala usishuke kwa breki tupu. Harufu ya kuungua maana yake usimame dakika 20 kwenye sehemu pana.

Wakati wa mvua kubwa kifusi na mawe hudondoka na barabara hufungwa kwa saa au siku. Dalili ni vijiwe vidogo vinavyotiririka, maji ya mtoni yaliyogeuka matope ghafla, na miti iliyoinama upya. Ukiona mojawapo, usisimame chini yake. Usipite usiku wakati wa masika. Barabara za juu ya Magamba nyingi bado ni za udongo na huhitaji gari lenye tumbo la juu.

Wanaotoka Nairobi hupita Namanga au Taveta, kisha Moshi, Same na Mombo. Wanaotoka Mombasa hupita Horohoro na Tanga, na kutoka Tanga kuna mabasi ya moja kwa moja.

Nakuja na watoto au mzee. Inafaa?

Irente inafaa, kwa gari hadi karibu na ukingo, na mkono wa mtoto ushikwe muda wote. Magamba chukua njia ya saa mbili. Mwinuko wa hapa hauleti ugonjwa wa mlima, ila mwenye pumu ajue kuwa hewa baridi yenye ukungu inaweza kumbana kifua. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni, si kwenye begi la chini ya basi.

Heshima za kijijini?

Salimia kila unayempita, na kwa mkubwa anza na shikamoo. Mtu anayepita kimya shambani mwa watu huonekana mwizi au mwenye shari. Funika mabega na magoti. Omba kabla ya kupiga picha ya mtu, nyumba au shamba. Usichume tunda hata likiwa limeanguka. Nunua, bei ni ndogo.

Mwenzangu ameumia au amezidiwa na baridi. Nifanye nini?

Dalili za baridi kuzidi ni kutetemeka, kisha kuzungumza kwa kuchanganyikiwa, kisha kuacha kutetemeka. Usisubiri ya pili. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizoloa zote, mvishe kavu, mfunike pamoja na kichwa, mkalishe juu ya begi asiguse ardhi, na kama anaweza kumeza mpe chai ya sukari. Usimpe pombe na usimsugue mikono na miguu.

Mguu ukivunjika usimlazimishe atembee. Ufunge na fimbo mbili kwa vitambaa vipana, juu na chini ya palipovunjika. Piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Simu zipo 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, lakini kwenye mabonde mtandao hukatika, kwa hiyo panda mgongoni mwa mlima ili uupate. Watakaofika kwanza ni wanakijiji, na watakuja na machela ya miti. Mtu mmoja atangulie kwa mwenyekiti wa kitongoji akiwa na jina la mahali. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kutoka, muulize mwongozaji jina la kila kijiji na kila msitu mtakaopita, na uliandike kwenye karatasi. Karatasi ya pili iache kwa mwenye nyumba ya wageni, pamoja na saa mnayotarajiwa kurudi.